Tamthilia ya Nywila

Mwaka 1983 chuo cha MIT, Marekani, kilianzisha mradi wa Athena: mwanafunzi akae kwenye kompyuta yoyote pale chuoni, aingie kwa jina lake, akute mafaili yake. Sasa nywila ikipita kwenye waya, si kila mjanja ataidaka?

Mwaka 1988 Bill Bryant akaeleza ufumbuzi kwa, hebu fikiria, tamthilia ya maonyesho manne. Wahusika wawili tu: Athena anayebuni mfumo, na Euripides, mbishi wa ofisi mwenye jina la mtunzi wa tanzia wa Ugiriki. Athena analeta wazo, Euripides analitoboa. Nywila isisafiri, itolewe tiketi. Tiketi ikiibwa je? Iwe na muda wa kuisha. Na mwizi akiitumia kabla haijaisha? Athena anarudi kuchora upya. Miongozo ya kompyuta hunilaza usingizi. Huu niliumaliza, maana nilitaka kujua nani atamweza mwenzake.

Mfumo wenyewe ni Kerberos, jina la yule mbwa wa vichwa vitatu anayelinda kuzimu. Ofisi nyingi zenye kompyuta za Linux bado zimemweka mlangoni. Andika klist, utaiona tiketi yako na saa itakayoisha.