Ida Kamińska: Malkia wa jukwaa aliyenyang'anywa watazamaji

Ida Kamińska alizaliwa Odessa mwaka 1899, katika familia iliyoishi kwa maigizo. Mama yake, Ester Rachel, Wayahudi wa Poland walimwita mama wa tamthilia ya Kiyidi. Baba yake, Avrom, alikuwa mwenye kikundi. Binti akapandishwa jukwaani angali mdogo, na huko akabaki.

Kiyidi ndiyo lugha waliyozungumza Wayahudi wa Ulaya Mashariki nyumbani na sokoni. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Poland ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 3, na hao ndio waliokata tiketi Ida na mumewe wa kwanza, Zygmunt Turkow, walipoanzisha kikundi chao Warsaw katika miaka ya 1920. Vita vilipozuka alikimbilia upande wa Wasovieti, hadi Asia ya Kati. Aliporudi, takriban milioni 3 kati ya watu wake walikuwa wameuawa.

Serikali ya kikomunisti ilimpa kikundi cha taifa cha kukiongoza, pamoja na ruzuku. Watazamaji haikuweza kumpa. Wengi waliokaa vitini hawakujua Kiyidi; walivaa visikilizio ili wapate tafsiri ya Kipolandi.

Dunia ilimjua kwa filamu moja ya Chekoslovakia ya mwaka 1965, iliyoongozwa na Ján Kadár na Elmar Klos. Ni Slovakia, mwaka 1942. Serikali iliyoshirikiana na Hitler inawapora Wayahudi maduka na kuwagawia wasimamizi wasio Wayahudi. Tono, seremala mwenye njaa, anapewa duka la vifungo la bibi kizee mjane, Lautmannová. Bibi ni kiziwi. Yeye anadhani kijana kaja kumsaidia kazi, na Tono anakosa ujasiri wa kumwambia kwamba duka si lake tena. Isitoshe, duka lenyewe limeshafilisika.

Kamińska hamfanyi bibi huyu kuwa malaika wa kuhurumiwa. Anamfanya mkaidi na mwenye utaratibu wake: Sabato ikifika duka linafungwa, msimamizi apende asipende. Nje, vipaza sauti vinawaita Wayahudi uwanjani wasafirishwe. Ndani, bibi hana habari. Mwigizaji hodari wa machozi angeliharibu tukio hilo. Yeye analicheza kama asubuhi yoyote ile, na hapo ndipo mtazamaji anapokosa pumzi.

Filamu ilitwaa Oscar ya filamu bora ya kigeni. Mwaka 1967 Kamińska mwenyewe, akikaribia miaka 68, aliwania ile ya mwigizaji bora wa kike. Ikaenda kwa Elizabeth Taylor. Ningekuwa na kura, isingekwenda huko.

Heshima hiyo haikumkinga. Machi 1968 viongozi wa Poland walianzisha kampeni dhidi ya Wayahudi, kwa kisingizio cha kupiga vita Uzayuni, na maelfu wakahama. Kamińska, aliyekwisha kunusurika mara moja, akafunga tena mizigo. Alipitia Israel, akaishia New York, ambako Kadár alimpa nafasi katika filamu pamoja na Zero Mostel na Harry Belafonte. Alijaribu kuanzisha tena kikundi cha Kiyidi, lakini vijana wa huko walikuwa wanasema Kiingereza. Alifariki Mei 1980. Ukumbi wa Wayahudi wa Warsaw leo unaitwa kwa jina lake na la mama yake.