Jinsi Ardhi ya Kitale na Bungoma Ilivyosomwa

Yapata miaka milioni 24 iliyopita, volkano ilianza kutapika lava na majivu juu ya miamba mikongwe ya magharibi mwa Kenya, ilipo leo miji ya Kitale na Bungoma. Masalia yake ni Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321. Majivu hayo yalipomeng'enyeka polepole yakawa udongo mwekundu wenye kina kirefu. Mbali na mlima, mvua ilisomba madini mengine ikakibakiza chuma, nacho kikagandamana kuwa murramu, ile changarawe nyekundu ya barabarani.

Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, waliujua udongo huo kwa mikono yao. Ngome zao za Lumboka na Chetambe zilizungushiwa mahandaki na kuta za udongo, na zilivunjwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, enzi za utawala wa ofisa wa Kiingereza C. W. Hobley. Inafaa kukumbukwa kwamba Hobley alifika Afrika Mashariki mwaka 1890 akiwa mwanajiolojia wa kampuni ya kikoloni ya Waingereza. Uchunguzi wa miamba na utekaji wa nchi viliingia kwa mlango mmoja.

Baada ya utekaji ikaja reli: ilifika Kitale mwaka 1926, nayo njia kuu ikapita Bungoma kuelekea Uganda. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, serikali iliunda idara ya madini na jiolojia mwaka 1933. Wakati huohuo mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alikuwa akionyesha kuwa udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kilele cha kilima hadi bondeni: mwekundu juu, mweusi chini. Kwa mhandisi, tofauti hiyo ndiyo kila kitu, maana ule mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, na nyumba hupasuka nao.

Baada ya uhuru, lengo la kuisoma ardhi lilibadilika. Taasisi ya Upimaji wa Udongo ya Kenya, iliyoanza mwaka 1972, ilitazama zaidi mahindi na miwa. Ramani yake ya nchi nzima ilitoka mwaka 1982. Wajenzi wa barabara walipata mwongozo wao mwaka 1987, uliopanga udongo wa msingi kwa nguvu, kuanzia S1 iliyo dhaifu hadi S6 iliyo imara.

Ramani ile ya 1982 bado inategemewa. Lakini milimita moja juu yake ni kilometa moja ya ardhi. Anayejenga Kitale au Bungoma asiishie kwenye ramani: achimbe shimo la majaribio kwanza, na udongo wake upimwe maabara.