Vyoo vya Warumi, minyoo na neno letu "safura"

Huku Pwani, mtu akipauka na kuchoka hata kwa kazi ndogo, wazee husema ana safura. Vitabu vya afya navyo hulitumia neno hilo kwa ugonjwa wa minyoo wanaojishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Neno lenyewe ni la Kiarabu, lakini fikra iliyolizaa ilipitia Roma. Leo nataka kueleza walichogundua watafiti kuhusu afya ya Warumi wa kale, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaobishana juu ya vyoo na dawa za minyoo.

Kutoka kwa Galen hadi kwetu

Galen alizaliwa mwaka 129 BK huko Pergamon, katika Uturuki ya leo. Alianza kwa kutibu wapiganaji wa ulingoni, kisha akahamia Roma, na baadaye akawa tabibu wa mfalme Marcus Aurelius. Alifuata mafundisho ya Wagiriki waliomtangulia kwamba mwili una maji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakilingana mtu ni mzima, moja likizidi huugua.

Katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake mjini Baghdad walifasiri kazi zake nyingi, na Waarabu wakamwita Jalinus. Nyongo ya manjano kwao ni safra, na ndiko lilikotoka safura letu. Balghamu nalo tunalo hadi leo. Mzee akikukataza chakula fulani kwa kuwa ni cha baridi, au akikwambia kingine kitakutia joto mwilini, anazungumza lugha ambayo Galen angeielewa.

Maji mengi, vyoo vingi

Sifa kubwa ya Warumi ni maji. Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya Roma mwaka 97 BK, aliandika juu ya mifereji tisa iliyoleta maji mjini kutoka mbali. Kulikuwa na hamamu za umma, vyoo vya kukaa watu wengi pamoja, mtaro mkuu ulioitwa Cloaca Maxima, na sheria za kuondoa taka barabarani. Ukisoma hayo utadhani Warumi walikuwa na afya kuliko waliowatangulia.

Mwaka 2016, Piers Mitchell wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha uchambuzi wa ushahidi uliokusanywa kutoka sehemu nyingi za dola hiyo: udongo wa vyoo vya kale, udongo wa makaburini, kinyesi kilichokauka, vitana na nguo. Alitarajia kuona minyoo wakipungua baada ya Warumi kuleta vyoo. Hawakupungua. Mayai ya minyoo mjeledi na ya mchango yalikuwa mengi, na ameba wanaoleta tumbo la kuhara damu walikuwepo pia. Chawa na viroboto walikuwa wengi kama katika jamii za Ulaya za baadaye ambazo hazikuwa na desturi ya hamamu.

Kwa nini? Mitchell anataja sababu kadhaa zinazowezekana. Maji ya baadhi ya hamamu hayakubadilishwa mara kwa mara, na wagonjwa waliingia pamoja na wazima. Hata Celsus, aliyeandika juu ya tiba katika karne ya kwanza, alionya kwamba kuoga hamamuni na kidonda ambacho hakijasafika ni hatari. Tena, kinyesi kilichoondolewa mjini kilipelekwa mashambani kuwa mbolea. Kisipoachwa kwa miezi kikaiva, mayai ya minyoo hubaki hai na kurudi mjini pamoja na mboga. Hata tegu wa samaki walienea, na huenda walisafiri ndani ya mchuzi wa samaki waliochachushwa, uliouzwa kila pembe ya dola.

Kuna pia hadithi kwamba mabomba ya risasi ndiyo yaliyowamaliza Warumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba maji ya bomba ya Roma yalikuwa na risasi hadi mara 100 kuliko maji ya chemchemi za karibu, lakini watafiti hao hao waliona si kiasi cha kuangamiza taifa. Minyoo walikuwa tatizo la kila siku.

Nani alitibiwa?

Jeshi la Roma lilikuwa na hospitali zake. Katika ngome ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, kumepatikana kibao cha mti chenye hesabu ya kikosi cha askari 752. Waliokuwepo ngomeni ni 296, na kati yao 31 hawakufaa kazi: wagonjwa 15, majeruhi 6, na wenye maradhi ya macho 10. Hesabu hiyo ni safi kama ya zahanati ya leo. Lakini mwananchi wa kawaida hakuwa na hospitali ya umma. Aliyetunzwa ni yule ambaye nguvu zake zilihitajika.

Na sisi je?

Hapo ndipo ninapoikumbuka Kwale. Kati ya mwaka 2015 na 2017 kulifanyika huko utafiti mkubwa uitwao TUMIKIA. Sehemu nyingine watoto peke yao walipewa dawa ya minyoo mara moja kwa mwaka, na nyingine dawa ilipelekwa nyumba kwa nyumba kwa wakubwa na wadogo. Baada ya miaka miwili, penye dawa ya watoto tu, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Penye dawa ya watu wote mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2.

Kwa hivyo siwezi kufurahia uzinduzi wa choo kipya kabla sijauliza mambo matatu. Kikijaa nani atakizoa? Kinachozolewa kinakwenda kumwagwa wapi? Na mama anayelima peku katika udongo ule ule atapata dawa lini, au tunasubiri mtoto wake tu apewe shuleni? Warumi walijenga kwa mawe yaliyodumu miaka 2,000, na minyoo hawakuondoka. Tukikutana na wawakilishi wetu wa wadi wakati wa bajeti, tuwaulize maswali hayo na tudai majibu.