Vizibo vya Bloku: Baridi Imesingiziwa

Ubavuni mwa bloku ya injini kuna visahani vya bati vilivyopigiliwa kwenye matundu ya mviringo. Katika nchi za baridi wengi huamini viliwekwa ili vifyatuke maji yakiganda, bloku isipasuke. Imani hiyo haikuzuka bure: maji yakiwa barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mara nyingine kizibo hutoka kweli kabla bloku haijapasuka. Ila asili yake ni kiwanda cha kusubu vyuma. Bloku husubiwa katika kalibu ya mchanga, na ili maji yapate njia ya kuzunguka silinda, viini vya mchanga hushikizwa ndani. Chuma kikipoa mchanga hukung'utwa, yakabaki matundu ambayo lazima yazibwe, awe mteja anaishi Michigan au Mombasa.

Mwanzoni matundu hayo yalizibwa kwa vizibo vya kukaza kama skrubu. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1900, kwenye kampuni ya magari ya Welch huko Marekani, kimoja kililegea gari likiwa kwenye majaribio, na mmoja wa ndugu wenye kampuni akapigilia sarafu mahali pake. Iwe kweli au porojo ya gereji, kanuni ilidumu: kisahani chenye tumbo kikigongwa katikati hunyooka, ukingo ukatanuka na kubana ukuta wa tundu. Baadaye vikombe vya kupigiliwa vilienea zaidi. Unafuu huo ulikuwa na bei yake, kwani bati jembamba sasa lilikaa kwenye maji yaleyale na chuma kinene cha bloku, na kutu hutoboa kwanza palipo pembamba. Ndiyo maana hata Dar es Salaam, pasipo na barafu, kizibo huoza rejeta ikijazwa maji ya kisima badala ya kulanti yenye dawa ya kutu.

Wapo mafundi wanaoshikilia kwamba kisichovuja kisiguswe. Injini ikiwa ndani ya gari, naafikiana nao: kizibo hugongwa ukingo mmoja mpaka kigeuke, kikavutwa kwa koleo, na pigo likizidi hutumbukia kwenye njia ya maji. Lakini injini ikishashushwa ili ifumuliwe, kuviacha vya zamani ni ubahili wa hasara. Vyote vina umri mmoja na vimeonja maji yaleyale. Kilichojificha kati ya bloku na gia boksi kikija kuvuja, itabidi gia boksi ishushwe kwa ajili ya kipande cha bei ndogo. Vya shaba havishiki kutu, lakini havimsamehe mwenye gari kulanti, maana maji mabaya hula pia pampu na rejeta. Na kazi yenyewe haitaki haraka: tundu lisuguliwe ling'ae, ukingo upakwe gamu, kisha kikombe kipigiliwe kwa chuma kinachoenea ndani yake, kiingie bila kupinda.