Shajara ya Imani: Somo Kutoka Rabai

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Niliharibikiwa na diski.

Ndiyo, umesoma sawa. Mimi ambaye kila mara nawahimiza mhifadhi nakala za kazi zenu, diski ya tarakilishi yangu ilikufa asubuhi moja na nakala sikuwa nayo. Programu za kazi zilikuwa salama, maana hizo hukaa kwenye seva. Kilichopotea ni faili moja tu ya maandishi niliyokuwa nikiandika usiku, yaani shajara yangu ya imani. Miaka mitatu! Maombi, maswali, mahubiri yaliyonigusa na yale yaliyoniudhi, na mwaka mzima ule ambao baba aliugua mpaka tukamzika. Faili yenyewe ilikuwa ndogo kuliko picha moja ya simu.

Fundi alijaribu siku mbili akashindwa. Nikajiambia, basi, siandiki tena. Kwani Mungu anahitaji faili?

Nikiwa katika hali hiyo nilienda Mombasa kikazi. Jumamosi nikapanda matatu hadi Mazeras, na kutoka hapo bodaboda ikanipeleka Rabai. Kuna kanisa kongwe pale, makumbusho madogo, na nyumba za wamisionari wawili wa Kijerumani walioandika shajara za imani zao zaidi ya miaka 170 iliyopita. Leo nawaletea habari zao. Anayejiuliza jambo hili linahusiana vipi na tarakilishi, avumilie hadi mwisho.

Aliyeanza

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alitumwa na Church Missionary Society (CMS), shirika la wamisionari la Uingereza, akahudumu kwanza Ethiopia. Mlango ulipofungwa huko, akaja pwani yetu. Mwaka 1844 Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alimpa barua ya kumtambulisha, naye akaenda kukaa Mombasa pamoja na mkewe Rosine.

Wamisionari wa CMS walitakiwa kuandika shajara na kuituma London. Haikuwa shajara ya kufungia kabatini. Mtu aliandika safari zake, mazungumzo yake na watu, homa zake na maombi yake, kisha karatasi zikapakiwa melini, na miezi mingi ikapita kabla hajajua kama zilifika.

Mwezi Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hebu fikiria hilo kidogo: kadhi Mwislamu na mmisionari Mkristo, meza moja, wakitafuta maneno. Mwezi Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike. Akafariki, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani akitetemeka. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande ambao leo tunauita Nyali.

Baada ya hapo alifanya nini? Aliandika. Aliwaeleza wakubwa wake London kwamba kaburi lile la upweke katika pwani ya Afrika Mashariki ni ishara kwamba kazi imeanza. Nilipoikumbuka barua hiyo nikiwa Rabai, mwanzoni ilinishangaza, hata ikanikera. Mimi baba alipofariki sikuwa na sentensi ya ushindi. Niliandika maswali tu. Lakini yeye hakuficha kwamba alikuwa na kaburi. Aliliandika, akalitia tarehe, kisha akarudi kwenye tafsiri yake.

Na tafsiri hiyo ilifika mbali. Sura za kwanza za Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la American Oriental Society. Washairi na makarani wa pwani walikuwa na desturi ndefu ya kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Krapf alichagua herufi za Kirumi, naye akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika Kiswahili hivyo kwa mpangilio. Kila unapobonyeza kibodi kuandika "hamjambo", kumbuka kwamba uamuzi huo ulifanywa na watu, na kila uamuzi una faida na hasara zake.

Aliyedumu

Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846, akiwa kijana wa miaka 26. Mwaka huohuo, yeye na Krapf walianzisha kituo Rabai, huku wote wawili wakiugua homa.

Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kuelekea Uchagani na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima. Akamwuliza kiongozi wake ni nini. Jibu alilopewa lilikuwa ni baridi tu. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya majira ya baridi, akatambua kwamba ile ni theluji. Kisha akaketi kando ya kijito akasoma Zaburi ya 111. Yote hayo aliyaandika pamoja: mlima, neno la Bwana Kheri, na zaburi. Hakutenganisha kurasa za imani na kurasa za dunia.

Maandishi yake yalichapishwa London mwaka 1849 katika jarida la CMS, Church Missionary Intelligencer. Hapo ndipo balaa lilipoanza! Msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara la ndani la Afrika Mashariki, alisema theluji karibu na ikweta ni ndoto. Akaendelea kusema hivyo kwa miaka. Kule Rabai Rebmann hakuwa na la kufanya ila kuendelea kuandika alichokiona. Mwaka huohuo wa 1849, tarehe 3 Desemba, Krapf akiwa Ukambani aliuona Mlima Kenya nao una weupe kileleni. Naye hakuaminiwa.

Ilibidi kusubiri hadi 1861 na 1862, Baron Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya Kilimanjaro na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Zaidi ya miaka 12, mtu anaitwa mwongo kwa sababu ya mstari mmoja wa shajara!

Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853, afya ikiwa imemshinda. Rebmann alibaki. Kwa miaka 29 hakurudi Ulaya hata mara moja. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Walioamini walikuwa wachache mno. Macho yake yakaenda yakififia. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, akisindikizwa na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa huko. Alifariki Ujerumani mwaka uliofuata.

Kwa hesabu za leo tungesema mradi umefeli. Lakini tazama alichokuwa akikusanya polepole. Salimini, mtu wa kabila la Wanyanja aliyekuwa mtumwa, alimfundisha lugha yake neno kwa neno, na kamusi iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa tayari kaburini. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hakuna kati yao aliyeshika mkononi nakala ya kitabu hicho chake.

Soma, lakini tia chumvi

Sitaki mtu afikiri nawasifu bila kufikiri. Shajara hizo zina mambo ya kuchoma. Mara nyingi Krapf na Rebmann waliwaandika wenyeji wao, Mijikenda, kwa dharau, kana kwamba hapakuwa na hekima Rabai kabla wao hawajafika. Na majina ya wapagazi waliowabeba, wanawake waliowapikia na wazee waliowapa kiwanja, mengi hayapo au yametajwa kwa kupita. Bila kadhi, Bwana Kheri na Salimini, vitabu hivyo visingekuwepo.

Hata makosa yao yalikuwa na mwisho wa ajabu. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walichora ramani kwa kutegemea masimulizi ya wasafiri wa misafara. Walionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Haikuwa sahihi. Lakini ramani hiyo ilipofika London, ilichangia kuwafanya Burton na Speke watumwe kwenda kutafuta ukweli, na mwaka 1858 walifika Ziwa Tanganyika, kisha Speke akafika Ziwa Victoria. Waliochora ramani walisema walichosikia, na wengine wakaweza kusahihisha.

Nilichorudi nacho

Sasa tufike kwenye mambo yetu. Nikiwa nimeketi chini ya mwembe nikisubiri bodaboda ya kurudi, niliandika mambo manne nyuma ya risiti:

1. Tia tarehe. Neno la theluji lisingekuwa ushahidi bila siku na mahali.

2. Andika kilichotokea, pamoja na kaburi. Imani inayoandika ushindi tu haisaidii mtu yeyote aliye kitandani na homa.

3. Taja watu kwa majina yao. Hapo ndipo Krapf na Rebmann walipopungukiwa, na hapo ndipo sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi.

4. Weka nakala! Karatasi zao zilitumwa London, sehemu zikachapishwa, na leo kumbukumbu za CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Zingebaki kwenye sanduku moja pale Rabai, mchwa wa pwani wangekuwa wamemaliza kazi zamani.

Na lile swali langu, kwani Mungu anahitaji faili? Hapana, hahitaji. Lakini nimegundua kwamba mama yangu anaihitaji. Nilipomweleza kilichotokea, hakuniuliza habari za diski. Aliniuliza, "Mwanangu, hata yale baba yako aliyosema usiku ule wa mwisho umeyapoteza?"

Sikuwa na jibu. Jumapili hiyo baada ya ibada nilikaa naye jikoni, yeye akakumbuka lake nami nikakumbuka langu. Tulipata kurasa sita. Si miaka mitatu, ni kurasa sita tu, zenye tarehe, na jina la muuguzi aliyetuletea chai usiku ule lipo.

Ziko kwenye tarakilishi, ziko kwenye seva, na nakala ya karatasi iko ndani ya Biblia ya mama.

Haya, wapendwa, kabla hujalala leo hifadhi nakala ya kile ambacho huwezi kukiandika mara ya pili. Tukutane tena hivi karibuni.