Majina na Matumizi ya Maua ya Jamaa ya Kalendula katika Mbulu na Hanang

Ua liitwalo kalendula si mwenyeji wa Mbulu wala wa Hanang. Kwao ni nchi zilizoizunguka Bahari ya Mediterania, na jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya siku ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa mmea huu wasemekana kuchanua karibu kila mwezi. Jina lake la pili la kitaalamu, officinalis, lilipewa mimea iliyowekwa akiba katika nyumba za dawa. Huko Ulaya petali zake za rangi ya machungwa zilitumiwa kutibu majeraha na ngozi iliyoungua, na pia kutia rangi siagi. Afrika ya Mashariki ua hili limefika kwa njia ya bustani, na Kiswahili hakikulipa jina la kudumu. Hata hivyo ndugu zake ni wengi katika nyanda za juu za Mbulu na katika miteremko ya Mlima Hanang, na ndugu hao wana majina, wana kazi, na wana historia.

Wataalamu wa mimea huiita jamaa hii Asteraceae. Zamani waliiita Compositae, yaani mimea ya maua yaliyounganika. Jina hilo la zamani laeleza vyema tabia yake. Kile kionekanacho kuwa ni ua moja ni kichwa kilichokusanya maua madogo mengi: yale ya katikati mara nyingi hutoa mbegu, na yale ya ukingoni mara nyingi huwa na ulimi mmoja mmoja mfano wa petali. Tabia hii yaonekana katika alizeti, katika pareto na katika kishona nguo. Ukoo mdogo wa kalendula wenyewe una makao mawili makubwa: kaskazini, kandokando ya Mediterania, na kusini mwa Afrika, ambako aina zake ni nyingi zaidi. Kati ya makao hayo mawili, baadhi ya aina za Osteospermum zimeenea katika mbuga na milima ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo kalendula ya bustanini ni mgeni anayekuta jamaa zake wa mbali wamekwisha kutangulia.

Kabla ya kutazama majina, yafaa kueleza mipaka ya nchi. Wilaya ya Mbulu ya wakati wa Waingereza ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo. Hanang ilitengwa nayo baada ya Uhuru, Babati ikatengwa na Hanang mwaka 1985, na Karatu ikatoka Mbulu katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 Mbulu, Hanang na Babati ziliingia katika Mkoa mpya wa Manyara, na Karatu ikabaki Arusha. Jambo hili si la utawala tu. Vielelezo vya mimea iliyokaushwa zamani vina kibandiko kisemacho «Wilaya ya Mbulu», na msomaji asiyejua historia hii aweza kudhani kwamba mmea uliochumwa juu ya Hanang, au kando ya Ziwa Manyara, ulichumwa karibu na mji wa Mbulu.

Nchi hii ina jambo moja lisilopatikana kwa urahisi mahali pengine katika Afrika. Jamaa nne za lugha zakutana humo. Wairaqw, ambao Waswahili wamezoea kuwaita Wambulu, na ndugu zao Wagorowa husema lugha za Kikushi. Wadatoga, na hasa Wabarabaig wa Hanang, husema lugha ya Kiniloti. Jina la Wamang'ati walilopewa na wengine latoka kwa Wamasai, na maana yake ni maadui. Wahadza wa bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi wana lugha yao yenye sauti za kidoko, isiyothibitika kuwa na undugu na nyingine yoyote. Tena wako Wabantu: Wambugwe na Warangi upande wa mashariki na kusini, Wanyaturu na Wanyiramba upande wa magharibi. Mmea mmoja uotao kando ya njia hupitiwa na watu wa lugha hizi zote, na kila mmoja huutazama kwa haja yake: mkulima, mfugaji, mwindaji au mrina asali.

Kiswahili kilifika baadaye. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Irangi na Mbugwe katika karne ya 19, na mwaka 1892 Oscar Baumann alizifikia nchi za Mbulu na Fiome, akaziandika katika kitabu chake cha mwaka 1894. Baadaye kikaja Kiswahili cha boma, cha shule, cha misheni na cha soko. Lugha hii ilileta majina ya mimea iliyojulikana pwani, au ya mimea iliyoletwa na serikali. Kwa ile iliyokuwapo bara tangu zamani haikuwa na neno, isipokuwa imeazima au imetunga. Ukichunguza majina ya jamaa hii yaliyomo katika Kiswahili cha bara, waona njia tatu za kutaja.

Njia ya kwanza ni kuutaja mmea kwa kitendo chake. Mfano wake mwema ni kishona nguo, ambao jina lake la kitaalamu ni Bidens pilosa. Mbegu zake nyeusi na nyembamba zina meno ya kunasia, nazo hujichoma katika vazi la mpita njia kana kwamba zimeshonwa. Asili ya mmea huu ni Marekani ya joto, lakini umeenea katika mashamba hata wengi waudhani kuwa wa kienyeji. Mkulima huulaani wakati wa palizi, na mwenye nyumba huushukuru wakati wa kupika, kwa maana majani yake machanga ni mboga. Maji ya majani yaliyopondwa hutiwa katika jeraha bichi ili damu ikome. Hapa jina limeshika udhia wa mmea na kuuacha wema wake.

Njia ya pili ni kuutaja mmea kwa kuufananisha na mwingine. Bangi mwitu, yaani Tagetes minuta, si bangi wala haina undugu na bangi. Majani yake yaliyochanika na harufu yake kali ndiyo yaliyoleta mfano huo. Nayo pia ni mgeni kutoka Marekani ya Kusini, na sasa ni gugu la mashamba ya nyanda za juu. Harufu hiyo imepewa kazi: majani huwekwa ghalani pamoja na nafaka ili kufukuza wadudu, au hutandikwa katika kibanda cha kuku ili kupunguza utitiri. Yafaa kukumbuka kwamba Kiingereza huita bangi mwitu na kalendula kwa jina moja la msingi, ingawa ni mimea mbalimbali yenye nguvu mbalimbali. Mfasiri wa vitabu vya dawa asiyeangalia jina la kitaalamu aweza kumpa mgonjwa gugu la shambani mahali pa ua la dawa.

Njia ya tatu ni kuazima. Neno alizeti yaelekea lina uhusiano na neno la Kiarabu zayt, yaani mafuta, nalo lilipewa mmea ulioletwa kutoka Marekani ya Kaskazini. Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 ulipanda alizeti pamoja na karanga huko Kongwa. Mpango ule ulishindwa, lakini alizeti haikushindwa. Leo ni zao kubwa katika nchi ya kati, Singida, Dodoma na Manyara, na Hanang imo. Katika miaka ya 1980 mashine ya mkono ya kukamulia mafuta ilisanifiwa Arusha, na kwa njia hiyo mkulima mdogo aliweza kupata mafuta yake nyumbani, na mashudu yakawa chakula cha mifugo.

Pareto ni azimo la wazi zaidi. Neno la kigeni pyrethrum limepoteza mwisho wake, sauti ya th imekuwa t, na irabu zimewekwa mahali pake kwa desturi ya Kiswahili. Asili ya ua hili jeupe ni pwani ya Dalmatia. Lilipandwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na Tanganyika katika miaka ya 1930, katika nyanda za juu zenye baridi, kwa sababu hupenda ubaridi ili litoe maua mengi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wajapani ndio waliokuwa wauzaji wakubwa. Vita ilipowatenga na soko, Afrika ya Mashariki ilichukua nafasi yao, kwa maana majeshi yalihitaji dawa ya mbu. Sumu iuayo wadudu imo hasa katika vijumba vya mbegu ndani ya kichwa cha ua. Mwaka 1924 Hermann Staudinger na Leopold Ružička walitangaza uchunguzi wao juu ya umbo la sumu hiyo, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permethrini kwa kuiga kazi yake. Dawa hiyo imetiwa katika vyandarua vilivyotengenezwa Arusha. Hivyo chandarua kilichotundikwa katika nyumba ya Katesh au Dongobesh kina deni kwa ua la jamaa hii.

Kando ya majina haya kuna yale ya pwani yaliyopanda bara pamoja na vitabu. Mchunga ni mboga chungu inayojulikana tangu zamani, na hupikwa pia kwa kuwa uchungu wake huaminiwa kusafisha tumbo. Pakanga ni neno lililoenea sana kwa Biblia ya mwaka 1952, ambamo lasimama kwa mmea mchungu wa nchi za Mashariki, na nyota moja katika Ufunuo imepewa jina hilo. Katika nyanda za juu watu huita pakanga ule mmea wa Artemisia afra, ambao majani yake huchemshwa kwa ajili ya homa, kikohozi na minyoo. Lakini katika miaka ya 2000 wakulima wa kaskazini walipewa Artemisia annua ya Kichina, ambamo hutoka artemisinini, dawa ya malaria. Mimea hiyo miwili ni ndugu, bali si sawa; ule wa kienyeji hautegemewi kwa artemisinini. Jina moja likitumika kwa yote miwili, mgonjwa wa malaria aweza kunywa maji machungu na kudhani amekwisha kutibiwa.

Hatari ni kubwa zaidi kwa jamaa ya Senecio na wenziwe. Baadhi yao huonekana kama mboga za kawaida, lakini wana sumu iharibuyo ini, kwa ng'ombe na kwa binadamu. Wafugaji na wapishi huipambanua mimea ya namna hiyo kwa jani, kwa utomvu na kwa mahali iotapo, nao huweka tofauti hiyo katika jina. Jina likipotea, tofauti nayo hupotea.

Hapo ndipo ulipo upungufu wa kamusi za Kiswahili. Padre Charles Sacleux, aliyekuwa mtaalamu wa mimea na wa lugha pia, alikusanya majina mengi katika kamusi yake ya 1939 hadi 1941, lakini masikio yake yalikuwa pwani. P. J. Greenway wa Amani alitoa kamusi ya majina ya mimea mwaka 1937, na chapa ya pili mwaka 1940. Kitabu hicho chafaa hata leo. B. D. Burtt wa idara ya uchunguzi wa mbung'o alikusanya mimea mingi katika nchi hii kabla ya kufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kazi ya kueleza jamaa hii nzima kwa Afrika ya Mashariki ilikamilika kwa sehemu tatu kati ya miaka 2000 na 2005. Kwa hiyo elimu ya mimea imesonga mbele, na kamusi za lugha ya taifa zimebaki nyuma.

Upande wa lugha za wenyeji, W. H. Whiteley alitoa maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958, na mwaka 2002 ikachapishwa kamusi ya Kiiraqw ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Lugha hii ina sauti ambazo Kiswahili hakina: q ya kooni, hh, na zile ziandikwazo sl na tl. Karani aliyeandika kwa masikio ya Kiswahili alizipoteza, na majina mawili yaliyopambanuliwa na mwenyeji yaliweza kuwa moja katika daftari. Hata jina la Mbulu ni umbo la Kiswahili. Wairaqw husema Imboru.

Tena jina huhitaji ardhi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika uwanda wa Basotu kwa msaada wa Kanada, yakafikia ekari zipatazo laki moja, na Wabarabaig walitolewa katika malisho yao bora. Mwaka 1984 kijiji cha Mulbadaw kilishinda kesi katika Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu ile. Mabishano yalikuwa juu ya ardhi, nayo yalistahili kuwa hivyo. Lakini trekta lililogeuza malisho liligeuza pia majani na maua yaliyotajwa na wachungaji kwa majina yao. Mtoto asiyeuona mmea hana sababu ya kulikumbuka jina lake.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeipa elimu ya waganga nafasi iliyotambuliwa katika Tanzania. Nafasi hiyo haitatimia bila majina sahihi. Mwenye kukusanya maneno Kainam, Haydom au Endasak na achukue tawi lenye ua, alikaushe, aandike jina kwa herufi za lugha yenyewe, aongeze lile la Kiswahili ikiwa liko, kisha la kitaalamu, na aulize wanawake wachumao mboga pamoja na wazee wajuao dawa. Pahali ambapo Kiswahili hakina neno, si aibu kupokea la Kiiraqw au la Kidatoga, kama kilivyopokea alizeti kwa Waarabu na pareto kwa Wazungu. Lugha iliyoweza kuazima kutoka ng'ambo ya bahari haishindwi kuazima kutoka ng'ambo ya bonde.