Kitabu na Mwalimu Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo: ndugu zangu wa jumuiya wameniomba niandike machache, kwa ajili ya kitabu hiki cha ukumbusho, juu ya vitabu walivyosoma wazee wetu. Nimeona ni bora nieleze pia ni nani aliyevichagua, kwani mtu achaguaye kitabu huwa amechagua mwalimu.

Hapo zamani mwanafunzi hakuchagua. Aliyechagua ni sheikh wake. Kijana aliyehitimu Msahafu chuoni alipewa Safinat an-Naja, kitabu kidogo cha fikihi kilichotungwa na Salim bin Sumayr wa Hadhramaut katika karne ya 19. Mwenye subira aliendelea, kitabu baada ya kitabu, hata akafikia Minhaj at-Talibin ya Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Vyote hivyo vilisomwa mbele ya mwalimu, ambaye naye alivisoma mbele ya mwalimu wake. Na aliyefuzu alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kuvisomesha. Njia hiyo ilikuwa na salama kubwa. Walakini ilikuwa na upungufu wake pia: lile asilolijua sheikh, mwanafunzi hakulisikia, na asiyejua Kiarabu alibaki mlangoni.

Kisha ikaja chapa. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, aliweka mtambo wa kupigia chapa, na vitabu vya Misri na Bombay vikawa vikiletwa kwa meli. Huko Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa akisoma jarida la al-Manar la Cairo, alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, ili Waislamu wasome mambo ya dini yao kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa kawaida akaanza kusoma peke yake, nyumbani kwake, bila ya sheikh.

Hapo ndipo lilipozuka jambo la kuchagua. Katika muda usiotimia miaka 50 zilitoka tafsiri tatu za Kurani nzima kwa Kiswahili. Ya kwanza, ya mwaka 1923, ilikuwa ya Godfrey Dale, padre wa misheni ya Kiingereza Unguja. Ya pili ilitoka Nairobi mwaka 1953, nayo ni ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Ya tatu ni ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokuwa ikitoka sehemu kwa sehemu kabla ya kukamilika mwaka 1969. Watu hawa watatu hawakuwa na nia moja, wala maelezo yao hayafanani. Lakini kwa mtu asiyefungua ukurasa wa kwanza, zote tatu zilikuwa ni Kurani kwa Kiswahili, basi.

Sisi wa bara tulikuwa na taabu zaidi. Uislamu ulifika Burundi pamoja na wafanya biashara waliopitia Ujiji, na vitabu vikafuata njia hiyo hiyo ya ziwa, vichache na kwa bahati. Hatukuchagua, tulisoma kilichofika.

Nilipokuwa mtoto, hapa Buyenzi palikuwa na mzee aliyetusomea tafsiri kila usiku wa Ramadhani. Kitabu chake kilikuwa kimechakaa, jalada hakina, na kurasa za mwanzo zimekatika, hata jina la mfasiri halikujulikana. Tulikipenda kwa sababu tulimpenda yeye. Mwaka mmoja akapita mgeni mwanachuoni, akaomba kukitazama, akasoma kimya kimya, kisha akamwita mzee kando. Maelezo ya aya kadhaa yalikuwa kinyume na yale tuliyoyapokea kwa mashekhe zetu, na mzee alikuwa ametusomesha hayo kwa miaka mingi.

Usiku wa pili mzee alikaa mahali pake bila ya kitabu. Akatutajia mbele ya watu wote, moja baada ya moja, yale aliyotufundisha bila ya kujua asili yake, akatuomba radhi. Mtu mmoja akamwuliza kwa nini alikichagua kitabu hicho. Akajibu: "Sikukichagua, mwanangu. Ndicho nilichokipata." Mpaka leo sijasikia darsa iliyonifaa kuliko ile.

Leo vitabu havituadimikii tena. Vinatufikia kwa wingi, vingine bure, vingine ndani ya simu, na vingi havina mwanzo kama kile cha mzee. Sisemi tufunge milango, kwani Sheikh al-Amin angaliifunga asingalisoma magazeti ya Misri. Nasema kila afunguaye kitabu atafute kwanza jina la aliyekiandika, aulize alisoma kwa nani, na linapomtatiza neno, amwendee mjuzi kabla ya kumfundisha mwanawe. Na akiwa amekwisha kumfundisha, basi awe na moyo wa yule mzee.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.